Jembe la Mtani

Mzee alisonya. Haukuwa msonyo ule mfupi wa kufukuza kuku barazani. Huu ulianzia kwenye magego, ukapita katikati ya meno machache yaliyobaki mbele, ukatoka mrefu hadi wavuvi waliokuwa wakishona nyavu chini ya mwembe wakainua vichwa. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyelielewa pale pale: "Na jembe, nani kalishika?"

Hapo ni Lupingu, ufukweni, wilaya ya Ludewa. Sisi wengine tulikuwa tunasubiri meli, na meli ya Ziwa Nyasa ukiisubiri lazima utafute kivuli na watu wa kuzungumza nao. Mimi ni Mbena wa Njombe. Nilikuwa nimeshuka huko kumsaidia dada yangu, ambaye hununua dagaa Lupingu na kuwapandisha hadi Makambako. Nasema nimeshuka, na aliyepita barabara ile ya Milima ya Livingstone anajua: unatoka juu kwenye sweta, kona baada ya kona, unafika chini umelivua na shati linakushika mgongoni.

Kilichomsonyesha mzee ni vijana. Wanne, wa umri wa miaka 14 au 15 hivi, walikuwa wamekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, mmoja ana simu. Kwenye simu kulikuwa na Wamarekani weusi wamesimama duara, wawili katikati, wanatukanana. Huyu anamwambia mwenzake mama yake ni mnene kiasi gani, yule anajibu nyumba yao ina mende wangapi, na duara zima linaanguka kwa kicheko, watu wanakimbia hatua tano halafu wanarudi kama walioungua. Kiingereza chenyewe vijana wetu hawakukishika chote. Waliushika mtindo, wakaanza.

Na walianza vizuri, lazima niseme haki yao. Mmoja alimwambia mwenzake, "Mtumbwi wenu una matundu mengi, samaki wanaingia humo kupumzika." Akajibiwa, "Afadhali sisi samaki wanaingia. Ninyi wakiona nyavu zenu wanawapungia mkono." Wakacheka, nasi wazee tukacheka. Wa tatu akamgeukia mfupi wao: "Wewe ukikaa juu ya sado, miguu inaning'inia." Mfupi hakukawia: "Na wewe kwa urefu huo, mvua ikinyesha Ludewa unatupigia simu sisi wa chini tuanue dagaa." Khaa! Mama mmoja muuza maandazi aliweka beseni chini kabisa ili acheke kwa nafasi.

Halafu yule mwenye simu akasema, "Na mama yako, mguu mmoja unaenda Manda, mwingine unaenda Matema."

Kama huijui pwani ya Nyasa: Manda iko kusini, Matema iko kaskazini. Ni utani uliokatwa vizuri, una ramani ndani yake. Lakini mama wa kijana yule alipooza upande mmoja mwaka huohuo, na kila mtu pale alikuwa amemwona akivuta mguu kwenda kisimani. Hakuna aliyecheka. Kijana aliyeambiwa hakujibu kwa mdomo, alishika kafi. Watu wazima wawili walimdaka mikono, mwenye simu akaruka hadi nyuma ya mti, na beseni la maandazi likapinduka mchangani.

Ndipo mzee aliposonya.

Mwendesha bodaboda mmoja, kijana anayependa kuuliza, akataka kujua: "Sasa baba, hao Wamarekani mbona wanatukanana mama zao siku nzima na hawapigani? Au mama zao hawana uchungu?" Swali hilo nililipenda, na kwa kuwa mambo ya michezo ya maneno nimeyasoma kwa miaka mingi, nililidakia. Ninayoyaandika hapa ni yale tuliyozungumza pale, na mengine niliyoyakumbuka njiani nikipanda mlima.

Mchezo ule Wamarekani weusi wanauita dazeni. Ni wa zamani. Mwaka 1929 mpiga piano mmoja aliyejulikana kama Speckled Red alikwishautia kwenye sahani ya santuri, na kwa kuwa maneno halisi ya mitaani yalikuwa machafu mno, ilibidi ayasafishe kidogo ndipo yauzike. Kwa nini dazeni? Ipo hadithi kwamba zama za utumwa, watu waliokuwa na vilema au wagonjwa waliuzwa kwa mafungu ya 12 kwa bei ya chini, na kuambiwa mama yako alikuwa katika fungu lile lilikuwa tusi la mwisho. Hadithi hiyo inachoma moyo, lakini haina ushahidi, kwa hiyo niliwaambia waiache hapo hapo kama hadithi.

Chenye ushahidi ni namna mchezo unavyokwenda. Mtafiti wa lugha William Labov alikaa na vijana weusi wa Harlem, New York, akarekodi mashambulizi yao, na mwaka 1972 akachapisha alichokiona. Aligundua jambo ambalo nikilifikiria namwona yule kijana wa kafi. Katika dazeni, tusi lazima liwe uongo, tena uongo unaojulikana na wote waliosimama pale. Ukisema mama wa mwenzako alikula tairi la lori, kila mtu anajua hakula, na ndiyo maana mwenzako anaweza kujibu kwa uongo mkubwa zaidi. Lakini ukisema kitu cha kweli, au kinachoweza kuwa cha kweli, mwenzako hajibu tena kwa mzaha. Anakana. "Si kweli, mama yangu hayuko hivyo." Na mtu akishaanza kukana, mchezo umekufa, na wote wanajua kinachofuata.

Bodaboda akapiga paja. "Kumbe! Huyu alisema kweli."

Alisema kweli. Kosa lake lote liko hapo. Utani wa samaki wanaopunga mkono ulikuwa uongo mtupu, ndiyo maana ulichekesha. Utani wa mguu ulikuwa umbea uliovaa nguo ya mzaha.

Duara nalo lina kazi. Roger Abrahams, aliyekusanya maneno haya Philadelphia na kuandika juu yake mwaka 1962, na Labov mwenyewe, wote wanaonyesha kwamba wanaosikiliza ndio waamuzi. Wao ndio wanaocheka, wanaoguna, wanaorudia mstari uliopita kwa aliyechelewa kufika. Mshindi ni aliyepewa kicheko. Aliyekasirika ameshindwa hata kama ngumi yake ni nzito. Vijana wetu walikuwa na duara, maana sisi tulikuwepo. Lakini sisi tulikuwa tumekuja kusubiri meli, hakuna aliyejijua kuwa ni mwamuzi. Nani kati yetu aliguna mapema, pale mwenye simu alipotamka tu neno "mama", kumwonya? Hakuna. Hilo naliweka mabegani mwetu watu wazima.

Yupo msomi mwingine, John Dollard, aliyeandika mwaka 1939 kwamba dazeni ni hasira ya watu walioonewa: kwa kuwa hawawezi kumtukana mzungu anayewakandamiza, wanatukanana wenyewe kwa wenyewe. Maelezo haya yamenukuliwa sana. Mimi siyakubali, au nayakubali robo. Dhuluma ilikuwepo, tena ya kutisha, na mtoto mweusi wa Marekani aliyejifunza kusimama akitukaniwa mama yake bila kutikisika alikuwa amepata silaha ya kumfaa mbele ya polisi na mbele ya bosi. Lakini ukisema mchezo mzima umezaliwa na uonevu, nitakuomba ushuke Lupingu, au upande Njombe, unieleze babu anayemwita mjukuu wake "mke wangu mwenye pua ya kiazi" anaonewa na nani. Watu hutaniana kwa sababu ulimi ni chombo kizuri na binadamu anapenda kukitumia vizuri. Zora Neale Hurston, binti wa Eatonville, Florida, alirudi mjini kwao akaketi barazani dukani na watu wake, na kitabu alichokitoa mwaka 1935 kimejaa watu wanaoshindana kusema uongo mtamu kwa raha tu. Aliwajua kwa sababu walikuwa wa kwao.

Na huo msonyo wa mzee, je? Nao umefika Marekani. Mwaka 1976 John na Angela Rickford, wanaisimu wenye asili ya Guyana, waliandika juu ya mambo mawili ambayo watu weusi wa Karibi na Marekani wanayafanya kila siku: kukata jicho na kusonya. Wakaonyesha kwamba asili yake ni Afrika. Fikiria. Mtu amefungwa minyororo, amevushwa bahari, amenyang'anywa jina na lugha, lakini sauti ile ya kuvuta mate kati ya ulimi na meno hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Nilipowaambia hivyo, mama wa maandazi, aliyekuwa anapukuta mchanga kwenye biashara yake, akasonya kwa makusudi, mrefu, kisha akasema, "Basi huo uende ukawasalimie."

Sasa turudi kwenye jembe.

Bodaboda alidhani mzee anazungumzia shamba. Mzee alikuwa anazungumzia utani, ule wenyewe, wa makabila na wa ukoo, ambao kwetu ndio mchezo wa matusi uliokomaa kuliko yote. Mtanzania yeyote anajua sehemu ya juu: Mhehe anataniwa kwa nyama ya mbwa na kwa hasira za kujitundika, sisi Wabena tunaambiwa kwetu hata salamu inamenywa kwanza ndipo itolewe, kwa sababu ya viazi. Katika nyumba, babu na bibi wanataniana na wajukuu, shemeji na shemeji, binamu na binamu. Mkwe hataniwi, unapita mbali naye ukiwa umeinamisha macho. Mtaalamu wa Uingereza, A. R. Radcliffe-Brown, aliliona hili mwaka 1940 akasema utani na heshima ya mkwe ni ndugu: vyote viwili ni njia za kukaa na mtu ambaye uko karibu naye na bado mnaweza kugongana. Ama umwogope kabisa, ama umtukane kwa ruhusa. Sijasoma mtu aliyelisema vizuri zaidi, ingawa bibi yangu aliliishi bila kulisoma.

Lakini hapa nchini aliyekusanya habari za utani mapema alikuwa mtu wa ndege. R. E. Moreau alikuwa Amani, kule Milima ya Usambara, akichunguza ndege, na katikati ya kuhesabu mayai akawa anauliza watu: mtani wako nani, na kwa nini? Mwaka 1944 alichapisha orodha ndefu ya makabila ya Tanganyika na watani wao. Miaka ya 1970 Stephen Lucas na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaendeleza kazi hiyo kwa mapana. Na jibu la kwa nini lilikuwa likirudi kwenye mambo mawili: vita na njia.

Njia ni ile ya misafara. Wanyamwezi walibeba pembe na mizigo hadi pwani, wakapita kwa Wazaramo, wakahitaji maji, chakula, na mtu wa kumzika mwenzao akifia safarini. Utani ukawafanya wageni wawe na haki. Vita ni habari ya huku kwetu kusini. Wangoni walipofika karne ya 19 waliwapiga watu wengi, sisi Wabena tukiwemo. Kati ya mwaka 1878 na 1882 walipigana na Wahehe, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Watu waliouana hivyo wafanye nini baadaye, wakiwa majirani? Waliufanya utani. Leo Mngoni akikutana na Mhehe au Mbena, neno la kwanza ni tusi, na nyuma ya tusi lile kuna makaburi ambayo wote wawili wanayajua. Ndiyo maana nasema utani wetu ni mzito kuliko dazeni kwa upande mmoja: dazeni inakataa ukweli, utani unaweza kuubeba. Mngoni ananiambia, "Ninyi tuliwateka, mkawa mnatukata kuni." Hiyo si hadithi ya tairi la lori. Ni babu wa babu yangu. Na ninacheka.

Nacheka kwa sababu ya jembe.

Alipofariki mjomba wangu, kijijini, nje kidogo ya mji wa Njombe, ilikuwa Julai, na Njombe ya Julai umande wa alfajiri unageuka barafu juu ya majani ya viazi. Watu walikuwa wamejikunyata chini ya miwati, kilio kimechoka, na sisi wafiwa tulikuwa tumefika mahali ambapo hata kusema "asante" kwa anayekupa pole kunauma. Akafika mtani wetu, Mngoni wa upande wa Songea. Hakutoa pole. Aliingia ndani moja kwa moja, akatoka amevaa koti la marehemu, akaanza kutembea kama marehemu, bega moja chini, akikohoa kikohozi chake kile cha mara mbili na kusafisha koo. Akapita kwa wanywaji wenzake wa ulanzi mmoja mmoja, akiwaambia kwa sauti ya mjomba, "Nitakulipa kesho." Jamani. Shangazi yangu, ambaye alikuwa hajafungua mdomo kwa siku mbili, aliangua kicheko kilichochanganyika na kilio hadi akashikwa na wanawake wenzake.

Kaburi lilipokuwa tayari, yule mtani akaruka ndani, akajilaza chali, mikono kifuani. "Huku joto," akasema. "Kuliko kitandani kwake kwa kweli huku joto. Mzee wenu hatajua kama amehama. Mimi sitoki." Tukambembeleza. Akataka hela. Tukatoa kidogo, akasema hiyo ni ya mguu mmoja, sasa mguu wa pili. Tukaongeza. Akatoka, akajipangusa, akalivua koti la marehemu akalikunja vizuri akamkabidhi mjane kwa mikono miwili, amepiga goti. Na tulipomaliza kumshusha mjomba, mtu wa kwanza kushika jembe na kurudishia udongo alikuwa yeye. Hakuliachia. Vijana walimwendea kumpokea mara tatu, akawakatalia. Alifukia hadi jasho likamtoka katika baridi ile, uso umemkunjamana, machozi yanamshuka, na hakutamka mzaha hata mmoja.

Hilo ndilo jembe.

Nilipofika hapo, mzee wa Lupingu hakunisubiri nimalize kueleza. Alimwita mwenye simu, aliyekuwa bado nyuma ya mti. "Njoo, mjukuu wangu." Akaja amejikunja. Mzee akamuuliza, tena kwa upole, na mimi upole ule ulinitisha kuliko msonyo: "Mama wa mwenzako akizidiwa usiku huu, apandishwe mlimani, wewe utabeba upande gani wa machela?" Kijana akatazama mchanga. Mzee akarudia, "Upande gani? Wa kichwa au wa miguu?" Hakukuwa na jibu. Mzee akamwachia, akageukia ziwa.

Nimelibeba swali lile tangu siku hiyo. Ninaposikia watu wakisema utani unakufa, huwa wanamaanisha maneno yanakufa. Maneno hayajafa hata kidogo! Tanzania hii ina matusi ya kuuza nje. Mashabiki wa Simba na Yanga, tunaowaita watani wa jadi, wanaitana Kolo na Utopolo asubuhi hadi jioni, na hakuna kijiwe kisichojua kwamba 6 Mei 2012 ilikuwa tano bila kwa Simba na 5 Novemba 2023 ikawa tano kwa moja kwa Yanga. Nairobi watoto wana mchongoano wao, ambao ni dazeni kamili, na mama yumo humo. Wanawake ndio kabisa. Miaka ya 1990 Dar es Salaam ilijaza kumbi kwenda kuwasikia waimbaji wa taarabu, Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis wa Muungano, wakirushiana mipasho, na shabiki aliyekwenda kutunza hela jukwaani alijua anampelekea jirani yake aliyekaa meza ya pili ujumbe usio na jina. Wamarekani weusi nao wanao mtindo huo wa kusema kwa kuzunguka, usimtaje mtu na bado ajijue. Claudia Mitchell-Kernan aliusikiliza Oakland, California, na kuuandika mwaka 1971, na alichofanya cha maana ni kuwasikiliza wanawake, wakati wanaume watafiti walidhani mchezo huu ni wa wavulana wa kona ya mtaa. Mwanamke wa pwani anayechagua kanga kwa kusoma kwanza maandishi ya chini, kisha maua, angemwelewa bila mkalimani.

Kwa hiyo maneno yapo. Kinachopungua ni deni lililofungwa kwenye maneno. Simu inampa mtu wa Lupingu nafasi ya kumtukana mtu wa Tanga ambaye hatamzika, hatambebea mzigo, hatajua hata kama anaumwa. Serikali imejaribu kuziba kwa upande wake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina kifungu cha unyanyasaji wa mtandaoni, na Kanuni ya Adhabu tangu zamani inamkamata mwenye lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani. Sawa, sheria zina kazi yake. Lakini polisi hawezi kuwa mtani wa mtu. Sheria inaweza kunyamazisha, haiwezi kumfanya aliyetukana aje na jembe.

Siwaambii vijana waache kutazama Wamarekani. Nilimwambia bodaboda, na narudia hapa, kwamba wale ni ndugu zetu na mchezo wao una akili nyingi. Wao walitawanywa makusudi. Mtani wake wa jadi aliuzwa shamba jingine, jimbo jingine, na lugha ya utani ikafa mdomoni. Hawakuwa na Mngoni wala Mhehe wa kugawana naye makaburi. Walichoweza kutengeneza, kwa mikono mitupu, ni duara na kanuni ya uongo: tusimame pamoja, tusiseme kweli ya mtu, wa kukasirika ametoka. Mimi hilo linanitoa machozi nikilifikiria vizuri. Sisi tuliopewa mkataba mzima na babu zetu, pamoja na jembe lake na hela za kaburini, tunauacha, halafu tunaokota nusu ya mchezo wao bila hata kanuni yake moja.

Pale stendi ya Makambako utani bado unapumua. Makambako ni njia panda: reli ya TAZARA inapita, barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya inapita, na ile ya Njombe na Songea inachepukia hapo. Ni kambi ya msafara ya zama zetu. Mpiga debe Mbena anamwita mama mmoja, abiria wa Songea, "Mngoni, panda, leo hatukuteki." Abiria anajibu, "Mtaniteka na nini, na hicho kiazi mkononi?" Halafu mpiga debe huyohuyo anamnyanyulia mtoto mgongoni mama yule, anamtafutia kiti cha dirishani, na akikosa chenji ya kumlipa kondakta anamdhamini. Nimeyaona haya mara nyingi, sijui ni nani aliyewafundisha. Nadhani hakuna. Njia yenyewe inafundisha.

Meli ilichelewa siku ile hadi jua likakaa juu ya milima ya Malawi, ng'ambo. Vijana wawili, wa kafi na wa simu, hawakupatana mbele yetu, na mimi sikuondoka nikijua kama walikuja kupatana. Nilichokiona ni hiki tu: yule wa simu alikaa peke yake kwenye mtumbwi uliopinduliwa, simu ameizima, na mama wa maandazi alipoanza kufunga vitu vyake alimwita amsaidie kubeba beseni. Njia ya kwake inapita mlangoni kwa mgonjwa. Sijui kama mama yule alilifanya makusudi. Kijana alisita, akalitazama beseni, akalibeba.

Usiku, nikiwa bado ufukweni kwenye magunia ya dagaa, simu yangu ikaita. Ni mtani, yule wa koti la mjomba. Siku hizi ana kibanda cha vipuri Makambako.

"Wewe Mbena, umeshazama?"

"Bado."

"Hilo ziwa nalo halina kazi. Mimi jembe nimeshalinoa, unanichelewesha."

"Linoe vizuri, mimi mzito."

"Mzito wa nini, mla viazi wewe? Kifua kimepona?" Nilikuwa nimemwambia wiki iliyopita kwamba nakohoa.

"Kinapona."

"Haya. Ukifika Makambako usipitilize. Mke wangu amekuwekea asali." Kisha akasonya, akakata simu.